Kioo Kinachosema na Hekima ya Ukwangala

Kazi ya kioo tangu kale ni moja: kumrudishia mtu sura yake, bila kuongeza neno wala kupunguza. Siku hizi, hata hivyo, pameundwa kioo cha namna nyingine. Mwaka 2014 Mholanzi Michael Teeuw aliwaonyesha watu jinsi ya kukiunda kwa mikono yao wenyewe, na wengi wamefuata mfano wake. Hutwaliwa kioo chenye utando mwembamba unaorudisha sehemu ya mwanga na kupitisha sehemu nyingine. Nyuma yake huwekwa skrini iliyounganishwa na kompyuta ndogo inayoenea kiganjani. Penye weusi mtu huiona sura yake. Penye maandishi meupe mwanga hupenya, naye husoma saa, hali ya hewa, ratiba yake na habari za dunia. Vioo vingine hujibu vikiguswa au vikisemeshwa. Hivyo mtu aliye bafuni akipiga mswaki, habari za siku zimekwisha kumfikia.

Chombo hiki si cha kubezwa. Tukuyu ni mji wa mvua na ukungu, na mchuma chai au mchuuzi wa ndizi angependa kujua mapema Mlima Rungwe unamwandalia nini. Mwanafunzi wa sekondari atakayekiunda atajifunza tabia ya mwanga na ya umeme kwa pamoja. Mwalimu Nyerere, alipolihutubia Bunge mwezi Desemba 1962 na kutangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni, alilionya taifa lisikatae kujifunza kwa wengine, wala katika kujifunza huko lisiache vya kwake. Kwa hiyo hatuna haja ya kuuliza kama kioo hiki ni cha wageni. Tuulize hivi: je, kuzijua habari za siku ni sawa na kuijua siku?

Asubuhi Mnyakyusa humsalimu mwenzake, “Ugonile?”, yaani, je, umelala? Salamu hiyo ni swali, na swali hudai jibu. Mwenzake akisema kwamba mtoto amekesha na homa, aliyeuliza hawezi kupita kana kwamba hakusikia. Habari imekwisha kumfunga. Kioo nacho chaweza kuandika kwamba maelfu wamekumbwa na mafuriko, na msomaji akajipangusa uso, akaenda zake. Kioo humwarifu mtu. Jirani humwarifu na kumpa wajibu.

Zamani Wanyakyusa waliishi katika vijiji vya marika: vijana wa umri mmoja walijenga pamoja na kuzeeka pamoja. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti huko katika miaka ya 1930, walikuta neno moja likitukuzwa, nalo ni ukwangala: kukaa na wenzi kwa mazungumzo, chakula na furaha. Iliaminiwa kwamba hekima hupatikana humo, mtu akizungumza na walio sawa naye.

Yupo atakayesema kwamba jirani husengenya na kuonea, hali kioo hakina chuki. Ni kweli; jicho la kijiji laweza kuwa mzigo mzito, na faragha ni haki ya mtu. Lakini wahenga walisema, nyani haoni kundule. Kioo, hata kikitiwa akili ya namna gani, huonyesha uso. Kiburi, choyo na uvivu wetu huonwa na wale tunaoishi nao, na ni wao wanaoweza kutuambia.

Basi vijana na wakiunde kioo hicho, na walimu wawasaidie. Kikiwaambia kwamba mvua itanyesha, wachukue mwavuli. Lakini wakitoka nje wasipite kimya kwa kudhani kwamba yote wamekwisha kuyajua; kwani jinsi jirani alivyoamka haijaandikwa kiooni, na hakuna atakayeijua asipouliza.