Kwa Wajukuu Wanaosomea Udaktari

Wajukuu zangu, mtu ninayetaka mumjue ni tabibu Paracelsus. Alizaliwa Einsiedeln, Uswisi, mwaka 1493 au 1494, mtoto wa tabibu, akakulia Villach, Austria, jirani na migodi. Huko ndiko alikopata darasa ambalo vyuo havikuwa nalo. Wapo waliosema wachimbaji wanaokonda na kukosa pumzi wanaadhibiwa na mizimu ya mlimani. Yeye aliwachunguza, akasema ni mvuke wa madini wanaouvuta kila siku, unaoingia mapafuni na kukaa humo. Akawaandikia kitabu kizima wachimbaji, watu ambao matabibu wakubwa hawakuwa na haja nao.

Alikuwa mwanaalkemia pia, lakini dhahabu haikumshughulisha. Moto na chupa zake alivitumia kutafuta dawa ndani ya madini, hata ndani ya zebaki. Alipolaumiwa kwamba anawapa watu sumu, alijibu mwaka 1538 kwamba kila kitu kina sumu, kipimo ndicho kinachoamua. Kila mkishika sindano, kumbukeni jibu hilo, na kipimo msikikadirie kwa macho.

Hapo namsifu kwa moyo wote. Basel ndiko anakonitia uchungu. Mwaka 1527 alikuwa tabibu wa mji huo, baada ya kumtibu mguu Johann Froben, mchapaji mashuhuri; hata mwanazuoni Erasmus alimwomba ushauri. Alifundisha kwa Kijerumani badala ya Kilatini, na kwa hilo nampa haki yake yote. Lakini mwezi Juni aliitupa Kanuni, kitabu cha tiba cha Ibn Sina, motoni mbele ya wanafunzi. Kitabu chenye makosa husahihishwa, wanangu. Ibn Sina alikwisha fariki karne tano kabla, asingeweza kujitetea, na waliokitegemea kitabu chake hawakujifunza kitu kwa kukiona kikiungua. Walijifunza kumchukia Paracelsus tu.

Watu hao aliowageuza maadui aliwahitaji mwaka uliofuata. Kasisi mmoja tajiri alimwahidi guldeni 100 akimponya; alipopona akampa 6. Paracelsus alishtaki, akashindwa, akawatukana mahakimu, na ikambidi aukimbie mji. Dai lake lilikuwa la haki, nami ningekasirika vilevile. Ila mkiwa na hasira ya haki, waulizeni kwanza wagonjwa wenu watabaki na nani. Wagonjwa wake walibaki bila yeye, na wanafunzi wakakosa mwalimu aliyewasemesha kwa lugha ya nyumbani kwao.

Tangu hapo alitangatanga mji kwa mji. Mwaka 1530 aliandika Nürnberg dhidi ya dawa ya mti wa guayako, iliyokuwa ikiuzwa sana kutibu kaswende, na baraza la mji likamzuia kuchapa zaidi. Alifariki Salzburg mwaka 1541, hajafika miaka 50. Kile kitabu cha wachimbaji kilichapwa Dillingen mwaka 1567, na miaka yote 26 iliyopita katikati watu waliendelea kushuka migodini.