Hatia ya Asiyejua

Great Bear, kaskazini ya mbali ya Kanada, ni ziwa la kilomita za mraba 31,000 hivi, na ufuo wake mzima una kijiji kimoja tu, Délı̨nę. Mgeni hufika kwa ndege ndogo; katikati ya majira ya baridi, magari hupita kwenye barabara ya barafu. Wengi huja kuvua samaki na huondoka wakisifu utulivu.

Wenyeji, Wadene, wana kumbukumbu nyingine. Upande wa mashariki, huko Port Radium, yalichimbwa madini ya radi (radium) tangu miaka ya 1930, kisha urani. Wanaume wao walibeba magunia ya mawe yenye madini hayo mabegani bila kuelezwa hatari yake wala yanakopelekwa. Sehemu ya urani hiyo iliingia katika mradi wa bomu la atomiki la Marekani, pamoja na ile nyingi zaidi ya Shinkolobwe, huko Katanga, Kongo.

Mwaka 1998 ujumbe wa Délı̨nę ulikwenda Hiroshima, mji ulioangushiwa bomu la atomiki, kuomba radhi.

Radhi ya nini? Aristotle alishawatenga wawili: anayetenda bila kujua kisha akaumia moyoni, na asiyejali. Sheria ya Kiislamu nayo haimwiti muuaji wa makusudi aliyeua kwa kukosea, lakini inamdai fidia na kafara. (Na Wadene hao hawakuua, walibeba magunia tu.)

Uungwana wao haubishaniwi. Ila deni lenyewe si lao: ni la walioagiza mzigo ule wakijua unakokwenda.