Ngozi si Karatasi: Suala Lililotoka Amukura

Katika darsa yetu ya baada ya magharibi liliulizwa suala ambalo tulidhani tutalimaliza kabla ya adhana ya isha. Tumekaa nalo wiki tatu. Kijana mmoja wa Kiteso, mzaliwa wa Amukura, aliyesilimu hapa Mombasa hali akiwa utingo wa lori, alituuliza: mkono wangu umechorwa jina kwa wino, je, udhu wangu watimia? Kabla ya kuja kwetu alikuwa amekwisha kumwuliza mtu mwingine, naye akamjibu kwamba hana udhu wala sala mpaka jina lile litoke. Kijana akachukua tindikali ya betri ya lori akajimiminia. Alipotufikia, mkono ulikuwa umefungwa kitambaa na harufu yake haikuwa njema.

Amukura, kwa wale ambao hawajafika, ni mji mdogo wa Wateso baina ya Malaba na Busia, mpakani mwa Uganda. Malori yapakiayo Kilindini kwenda Kampala hupita pande zile, na vijana wa huko hujifunza Kiswahili kwa madereva wetu, pamoja na mengine yasiyokuwa Kiswahili. Huyu wetu alipokuwa na miaka kumi na saba alimtaka rafiki yake amchore jina la msichana. Rafiki alikuwa na mkono mzuri. Aliliandika kwanza juu ya karatasi kwa herufi nyembamba za kujipinda, mfano wa kadi za harusi, kisha akalihamishia mkononi kwa sindano ya kushonea na masizi. Karatasini lilipendeza mno. Baada ya miaka sita herufi zilikuwa zimeshikana, jina halisomeki ila kwa kubahatisha, na msichana mwenyewe ameolewa Tororo.

Tulipenda kulijua jambo lenyewe kabla ya kulihukumu, kwani mwenye kuhukumu asilolijua huumiza watu. Ngozi ya mwanadamu ina tabaka ya juu inayobanduka na kuota upya kila mara. Hina hukaa katika tabaka hiyo, na ndiyo maana huondoka. Sindano ya tatuu hupita chini yake, kadiri ya milimita moja au mbili, na huko ndiko iuachako wino. Mwili huuona wino ule kuwa ni adui aliyeingia. Chembe zilizo walinzi wa ngozi huumeza ziutoe, wala haziwezi. Na chembe ikifa, nyingine huupokea wino wake. Wataalamu wa Ufaransa waliyaonyesha haya mwaka 2018 kwa kuwachunguza panya. Kwa hivyo mchoro haudumu kwa kuwa ngozi imeukubali. Wadumu kwa kuwa walinzi wameshindwa kuutoa na hawajaacha kuushika.

Tena wino hautulii palepale. Mstari hutanuka kidogo kidogo kwa miaka, ngozi nayo hunyooka na kukunjana kwa unene, kwa uzazi na kwa uzee. Mchoraji ajuaye kazi yake hufanya herufi kubwa, huacha nafasi pana baina ya mstari na mstari, na huikataa michoro midogo ya vidoleni na viganjani, ambako haikai sawasawa. Juu ya ngozi nyeusi ana hesabu nyingine. Wino uko chini ya rangi ya ngozi, basi huonekana kama kitu kilicho ndani ya glasi ya chai: njano na rangi hafifu hupotea, weusi na maumbo makubwa husalia. Na ngozi zetu hizi ni nyepesi kufanya makovu yanayofura na kuvuka mpaka wa jeraha.

Wazee wa Kimakonde waliyajua haya bila ya kusoma. Tunao Kwale, watu ambao asili yao ni Msumbiji, waliokuja kufanya kazi mashambani na wakapewa uraia wa Kenya mwaka 2016. Mtazame mzee wao mwenye nembo usoni: ni mistari na pembe, ngozi imechanjwa na masizi yakasuguliwa ndani. Hakuna kona ndogo ya kuzibika. Hatusemi haya kwa kuihalalisha nembo, twasema kwamba ustadi ni ustadi.

Lakini hapo ndipo ustadi unapogota. Mchoraji mwema hujiuliza, mstari huu utakuwaje baada ya miaka thelathini? Ngozi yaweza kukisiwa. Mwenye ngozi je? Kijana wa miaka kumi na saba alimwekea saini mtu wa miaka ishirini na tatu ambaye hajapata kuonana naye, na mtu huyo alipokuja alikuwa na dini nyingine na jina jingine. Hata kama herufi zingalikuwa pana na safi, zingalimwambia mtu asiyekuwapo tena.

Mwenzetu mmoja katika darsa, mwalimu wa skuli, alipinga, na hoja yake si ya kudharauliwa. Alisema: kila ahadi ni hivyo. Aoaye humfunga mtu atakayekuwa kesho. Azaaye vivyo hivyo. Na huyu kijana, je, shahada yake si ahadi ya umri mzima? Tulinyamaza kitambo. Baadaye tukamwambia kwamba katika ndoa na uzazi yuko mtu wa pili mwenye haki, na ahadi hulishwa kila siku, ikawa yakua pamoja na mwenye kuahidi. Na ndoa ikishindikana, sharia imeiwekea mlango. Jina la mkononi halikui wala halina mlango ila jeraha. Mwalimu hakuridhika sana, nasi twalieleza hapa kama lilivyokuwa.

Kwa sisi Waislamu iko sababu iliyo juu ya hizo: mwili ni amana. Wamepokea Bukhari na Muslim kwamba Mtume s.a.w. amemlaani mwenye kuchora na mwenye kutaka kuchorwa, na Ibn Masud akaeleza kuwa ni kubadili umbile la Mwenyezi Mungu. Bibi mmoja, Ummu Yaqub, alimwendea akamhoji, kwani ameisoma Kurani na hakuliona humo. Naye akamjibu kwa hoja, hakumfukuza.

Na tujigeukie wenyewe. Wale wanaomnyooshea kidole kijana wa Amukura, binti zao huingia harusini na piko nyeusi mikononi. Piko iuzwayo leo, mara nyingi, ni rangi ya nywele yenye dawa iitwayo kwa kifupi PPD. Katika nchi za Umoja wa Ulaya dawa hiyo imeruhusiwa kwa nywele tu, isizidi asilimia 2, wala haifai kupakwa ngozini. Tumeona bibi harusi aliyetoka malengelenge yenye umbo la maua aliyochorwa, na kovu likabaki. Aliyekwisha kudhurika nayo mara moja, ngozi yake huikumbuka, na rangi ya nywele yaweza kumdhuru hata miaka ya baadaye. Hina safi ya majani haina dhara hilo, na mabibi zetu hawakuhitaji nyingine. Mbona jambo hili halisemwi mimbarini?

Ama jawabu la kijana. Aliyemjibu mwanzo hakulitoa hewani, kwani Imamu Nawawi, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, asema mahali palipochorwa pana najisi, na kuiondoa ni wajibu ikiwezekana kwa dawa. Lakini mbona alisoma nusu? Nawawi huyo huyo asema kwamba akihofia kupotelewa na kiungo au manufaa yake, au kuharibika vibaya kiungo kilicho dhahiri, kuondoa si wajibu, na akitubu hana dhambi tena. Na huyu alichorwa kabla ya Uislamu, nao Uislamu hufuta yaliyotangulia. Siku hizi iko mashine ya mwanga hospitalini, hutaka kurudiwa mara nyingi, ni ghali, na juu ya ngozi nyeusi yahitaji mtaalamu asije akaiunguza. Hatumwamrishi.

Tulimpeleka hospitali, na gharama tulichangiana. Daktari alisema mshipa umesalimika. Kovu limefura kama kidole, na pembeni mwake herufi mbili za mwisho bado zasomeka. Juzi alitawadha mbele yetu, akauosha mkono ule mara tatu mpaka kiwikoni, akasimama safu ya kwanza.