Koti la Kuazima na Chozi la Kuazima

Ni nyumba chache katika nchi yetu zisizokuwa na picha ukutani. Aghalabu picha hiyo humpokea mgeni kabla hajakaribishwa kiti: bwana amesimama wima, bibi ameketi, na mkono wa mmoja uko juu ya bega la mwenziwe. Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa hutaja ngoma, mashairi na vinyago. Mpiga picha humtaja mara chache sana. Walakini yeye ndiye tuliyemkabidhi kumbukumbu za arusi zetu, za watoto wetu wachanga na za wazee wetu kabla hawajatutoka. Kwa hiyo si kosa kujiuliza: mtu huyu anatudai fedha, lakini sisi tunamdai nini? Tunamdai ukweli, au tunamdai uzuri?

Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa rasmi mjini Paris mwaka 1839, na haukuchukua muda mrefu kufika katika pwani yetu. Mjini Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaja kuirithi kazi hiyo. Mbali na kwetu, mjini Bamako katika nchi ya Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948. Humo aliweka makoti, saa za mkono na redio, ili mteja asiyekuwa navyo apate kupigwa picha navyo. Na katika miaka ya 1980 na 1990, kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, wapiga picha walitundika mapazia yaliyochorwa meli na ndege, na mtu ambaye hajapata kupanda ndege akasimama mbele yake akatabasamu. Vibanda vyao viliharibiwa katika machafuko ya mwaka 1997.

Hapo ndipo swali letu linapoanza kuwa gumu. Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Je, picha ya mtu aliyevaa koti la studio si uongo uliotiwa katika fremu?

Nyumbani kwetu Tanga ilikuwako picha ya arusi ya wazazi wangu, iliyopigwa katikati ya miaka ya 1960. Baba amevaa koti jeusi na saa ya mkono inayong'aa. Nilipokuwa darasa la sita nilitambua kwamba sijapata kuliona koti lile kabatini, wala saa ile mkononi mwake. Nikamwuliza. Alicheka, kisha akasema, "Koti lilikuwa la mpiga picha, na saa ilikuwa ya mpiga picha. Lakini mkono ulioushika mkono wa mamako ulikuwa wangu." Nilidhani kwamba ananifanyia mzaha. Baba alipofariki, mama aliiomba picha ile iondolewe sebuleni ikatundikwe mkabala na kitanda chake. Katika miaka yote aliyoishi baadaye sikumsikia hata siku moja akitaja koti.

Sasa nitasimulia kisa cha pili, ambacho mimi mwenyewe nina lawama ndani yake. Miaka michache iliyopita tulimwoza binti wa ndugu yangu. Saa ya kuagana ilipofika, mama mtu alimkumbatia bintiye akalia kilio cha kweli, kilio cha mzazi anayebaki na chumba kitupu. Mpiga picha, kijana hodari wa kazi yake, akaja mbio akasema, "Mama, samahani, mwanga haukuwa mzuri. Mkumbatie tena bibi arusi, na ulie kidogo." Shemeji yangu alikwisha kujifuta machozi. Akauliza kwa unyonge, "Nilie tena?" Watu wakacheka. Akamkumbatia mwanawe mara ya pili, na uso wake ukakunjamana bila ya chozi hata moja. Mimi nilikuwa mzee wa shughuli, na neno langu lingetosha kumzuia yule kijana. Nilisogea kando nisije nikaingia katika picha.

Mwanafunzi hodari ataniuliza: kama wamsamehe aliyeazimisha koti, kwa nini wamlaumu aliyeomba chozi? Si wote wawili wametengeneza jambo ambalo halikuwako?

Jibu langu ni hili. Koti lilikuwa haja ya waliopigwa picha. Baba alitaka kuonekana jinsi alivyotumaini kuwa, na kutumaini si kudanganya. Hakuna aliyelaghaiwa: yeye alijua, mama alijua, na mpiga picha alijua. Chozi la pili halikuwa haja ya shemeji yangu. Lilikuwa haja ya picha. Koti lilimtumikia mtu, bali katika kisa cha pili mtu alifanywa mtumishi wa picha. Saa ya kuagana haikuwa ya kamera. Ilikuwa ya mama na mwanawe, nayo ilikatwa katikati. Kibaya zaidi, leo kila tunapoiangalia picha ile, tunakumbuka kicheko cha watu, na kilio cha kwanza kinazidi kufifia.

Kutokana na hayo twaweza kusema kwamba kazi ya mpiga picha ni amana. Anaingia ndani ya nyumba za watu na kuona yale ambayo jirani haoni. Zamani filamu yenyewe ilibaki kwake, na watu wakamwamini kwamba hataitoa kwa mwingine. Leo simu imemfanya kila mmoja wetu awe mpiga picha, na picha ya chumbani yaweza kuvuka bahari kabla chai haijapoa. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na hilo ni jambo jema. Hata hivyo sheria huja baada ya kosa. Adabu ndiyo inayotangulia. Adabu hiyo ina maswali mepesi: Je, mwenye sura ameridhia? Je, picha hii inamtumikia yeye, au inanitumikia mimi? Je, kuna saa ambayo yanipasa kuishusha kamera?

Maswali hayo nawaachia walimu na vijana wetu wayajadili madarasani, kwani wao ndio wenye kamera mikononi. Nami naongeza ubeti huu:

Koti ni la kuazima, mkono haukodishwi,
Uchungu alo na mama, chozi halilazimishwi,
Mwenye kamera simama, wakati haurudishwi,
Picha ni amana njema, utu haudhalilishwi.