Mnasubiri Gemu, na Mwenzenu Je?



Jumapili iliyopita, baada ya mazoezi ya nyimbo za Noeli, kijana mmoja wa VIWAWA alinivuta pembeni. "Frateri, na wewe unaisubiri?" Nikadhani anasema Noeli. Kumbe anasema gemu!

Wanaocheza wanaijua habari hii. Desemba 2020 ilitangazwa kwamba Riot Games wanatengeneza gemu ya mtandaoni itakayochezwa na watu wengi sana kwa pamoja, ndani ya ulimwengu ule ule wa League of Legends. Kila mtu na mhusika wake, kila mtu na kundi lake. Machi 2024 wakasema wamebadili mwelekeo wa kazi na watakaa kimya, pengine kwa miaka kadhaa. Tarehe hakuna. Lakini huyu ndugu na wenzake watano wameshagawana majukumu: nani atasimama mbele apokee mapigo, nani atashambulia, nani atawaponya wenzake wakijeruhiwa. Hadi kikundi cha WhatsApp wanacho.

Sikumcheka. Kusema kweli nilimwonea wivu. Sisi tuko kwenye Majilio, tunamsubiri Bwana ambaye naye hakutupa tarehe, na wengi wetu hata hatujaangalia kama taa ina mafuta (Mt 25:1-13).

Nikamuuliza, "Na huyo wa kuponya ni nani?"

"Ni jamaa wa mtaa wa pili, ila hajaonekana hewani tangu Oktoba."

"Mmempigia?"

Kimya. Halafu akasema, "Frateri, sisi huwa tunachati tu."

Jamani, hapo ndipo penye somo letu la leo. Swali siyo kama gemu ni dhambi. Mtakatifu Carlo Acutis alikuwa na PlayStation, akajiwekea kipimo cha saa moja kwa wiki. Swali ni hili: hao unaocheza nao, ni nani kwako?

Kulikuwa na kijana wa Norway aitwaye Mats Steen. Alikuwa na ugonjwa wa kudhoofika misuli, akitumia kiti cha magurudumu. Alicheza World of Warcraft kwa maelfu ya saa, kwa jina la Ibelin. Wazazi wake walihuzunika wakiamini mtoto wao hana marafiki. Alipofariki Novemba 2014, akiwa na miaka 25, waliandika taarifa ya msiba kwenye blogu yake. Ujumbe ukaanza kumiminika kutoka nchi mbalimbali: watu aliowasikiliza usiku, watu aliowapa moyo walipovunjika. Baadhi yao walisafiri hadi Norway kumzika.

Kwa hiyo tusiseme haraka kwamba urafiki wa mtandaoni ni wa uongo. Aristotle alitofautisha urafiki wa faida, urafiki wa starehe, na ule wa kumtakia mwenzako mema kwa ajili yake mwenyewe. Huu wa tatu unaweza kuanzia popote, hata kwenye gemu. Ila hauishii kwenye skrini. Mwisho wake kuna mtu anapanda ndege kwenda mazishini.

Ndivyo Mungu alivyotufanyia. Hakutuma mhusika wa kuigiza ubinadamu wetu huku Yeye amekaa salama mbinguni. Alitwaa mwili wenyewe: ukasikia baridi, ukasikia njaa, ukatundikwa msalabani. Noeli ni Mungu kuja hadi mlangoni.

Jumanne yule kijana alikwenda mtaa wa pili. Akamkuta mwenzake nyumbani, anamuuguza mama yake. Simu aliiuza Oktoba, zikapatikana hela za dawa. Wiki zote hizo wenzake walikuwa wakibishana kuhusu silaha za gemu ambayo haijatoka, na yeye anakaa mwendo wa dakika kumi tu. Jumamosi hii jumuiya ndogondogo itasali nyumbani kwao, na wale watano wameahidi kufika.

Nisijifanye mwema. Nina mwenzangu wa darasa la falsafa aliyeacha seminari mwaka jana. Kila wiki tunamtaja kwenye nia za sala. Namba yake ninayo, sijawahi kumpigia. Naogopa, sijui niseme nini. Leo, kabla ya Masifu ya Jioni, nampigia.

Na wewe: fungua kikundi chako sasa hivi. Tazama nani amekaa kimya muda mrefu. Usimtumie emoji. Piga simu, na kama ni jirani, nenda.

Tusali: Bwana Yesu, wewe uliyetufuata hadi tulipo, tufundishe kukusubiri kwa kuwatafuta waliopotea machoni petu. Amina.