Watoto Watakapouliza Habari za Mawe

Somo: Yoshua 4:1–9



Katika somo letu tunawaona Waisraeli wakivuka mto Yordani pakavu. Watu wana haraka. Nchi waliyoahidiwa iko mbele yao, Yeriko nayo iko mbele yao, na maji yamezuiliwa ili wapite. Walakini Mungu anawaagiza kufanya kazi moja kwanza. Watu kumi na wawili, mmoja kwa kila kabila, watwae mawe kutoka katikati ya mto, kila mtu jiwe lake begani, wakayaweke mahali watakapolala usiku ule. Na sababu yake imeandikwa waziwazi: iko siku watoto watawauliza baba zao habari za mawe yale, na siku hiyo baba wawe na neno la kuwajibu.

Basi angalieni, ndugu, Mungu ameagiza mambo mawili. Ameagiza jiwe, tena ameagiza jibu. Jiwe peke yake ni bubu. Likikaa bila msimulizi hugeuka kuwa jiwe kama mengine yote; mbuzi hulipanda, na mpita njia hunolea panga lake juu yake. Neno hili nataka tulitafakari mwezi huu, maana nchi yetu imejaa mawe ya wazee, na wenye kujibu wanapungua kila mwaka.

Mahali pasipo mtu wa kujibu

Katika nchi yetu ya Tanzania pako mahali panapotuonyesha jambo hili kuliko pengine pote. Ni Engaruka, katika wilaya ya Monduli, mkoa wa Arusha. Huko ukuta mrefu wa Bonde la Ufa umesimama upande wa magharibi, na mlima Oldonyo Lengai, mlima wa moto, uko upande wa kaskazini. Nchi ni kavu, yenye miiba na vumbi. Nilijaliwa kuyatembelea magofu ya huko pamoja na walimu wawili, nasi tulitembea siku nzima bila kuyamaliza.

Chini ya ukuta ule, juu ya mteremko, pana mabaki ya vijiji saba. Wenyeji wa kale walichimba mteremko wakapata viwanja vya usawa, wakavizuia kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa, na juu ya viwanja hivyo wakajenga nyumba zao za mviringo. Chini ya vijiji, pale bondeni, ndipo palipokuwa mashamba yao. Wataalamu waliyapima, wakaona yanafika kama hekta 2,000. Kila shamba lina mipaka ya mawe, na mawe yaliyozidi yamerundikwa pamoja ili jembe lisikwame. Kati ya mashamba imepita mifereji iliyojengwa kwa mawe, ikitelemka polepole kutoka vijito vya mlimani, ili maji yasikimbie na kuchukua udongo, wala yasisimame njiani. Watu wale walilima mtama, wakafuga ng'ombe katika mazizi ya mawe.

Kazi hiyo ilifanyika yapata tangu miaka ya 1400 hata miaka ya 1700, na baadaye watu wale hawakuonekana tena. Mwaka 1913 mtaalamu Mjerumani, Hans Reck, alifika akayaeleza magofu yale. Na mwaka 1935 Louis Leakey aliyachunguza. Tangu hapo wengine wengi wamechimba na kupima. Wengine hudhani vijito vilipungua maji, wengine hudhani wafugaji wenye nguvu waliwasukuma. Wengine wamewataja Wasonjo, ambao hata leo huko kaskazini hunywesha mashamba yao kwa mifereji, na wengine wamewataja Wairaqw. Wamasai waliopo sasa waliwafuata watu wale katika nchi ile. Lakini hayupo mtu hata mmoja awezaye kutuambia jina la mwenye nyumba mmoja wa vijiji vile, wala maneno ambayo mama aliwaimbia watoto wake akiwalaza.

Tazameni basi! Watu wale walijua kuongoza maji. Walijua kupanga mawe hata yakadumu miaka 300 na zaidi. Kuta zao zimebaki na jibu lao limepotea. Mtoto akisimama pale leo akauliza habari za mawe yale, hujibiwa na mgeni aliyekuja na kamba ya kupimia.

Mahali ambapo jibu bado liko

Sasa turudi kwetu Ruvuma. Mjini Songea liko kaburi la pamoja la wazee wa Kingoni walionyongwa na serikali ya Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, kwa sababu ya vita vya Majimaji. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, ana kaburi lake peke yake. Karibu na mji pana kilima cha Chandamali, chenye mapango ambayo husimuliwa kwamba nduna huyo alijificha ndani yake. Kila mwaka, mwezi wa Februari, watu hukusanyika makaburini, na majina ya waliokufa hutajwa. Jirani zetu Wakatoliki husimulia pia kwamba wengi wa wazee wale walibatizwa na padre kabla ya kunyongwa. Hapo mtoto akiuliza, yuko wa kumjibu.

Hata hapa Peramiho ni vivyo hivyo. Wabenediktini walifika mwaka 1898, na mwaka 1905 makao yao yaliteketezwa katika vita hivyo, kisha wakajenga upya. Sisi Walutheri tu wachache kati yao, lakini hapana budi tukiri kwamba katika neno la kukumbuka wametupa mfano mwema.

Tena mtu akienda Mbinga, upande wa Litembo, ataonyeshwa majabali na mapango ambamo Wamatengo walikimbilia siku za vita vya Wangoni. Watu waliobanwa milimani wakajifunza kulima miteremko mikali kwa ngoro: majani hufyekwa na kupangwa kwa mistari inayokatana, udongo hufunikwa juu yake, na katikati hubaki mashimo yanayozuia maji ya mvua yasiporomoshe shamba. Mama humfundisha binti yake ngoro hata leo. Litembo lina mawe kama Engaruka, lakini mwenye kusimulia yuko, na jembe lake liko mkononi.

Makosa matatu

Ndugu, naona kati yetu makosa matatu katika habari hii, nami nitayataja moja moja.

Kosa la kwanza ni kuliogopa jiwe. Wako wabatizwa ambao, mtoto akiugua au mvua ikikawia, hupita kwa siri penye jiwe la kale au pango, wakaacha unga na pombe. Mtu wa namna hiyo amemtwika jiwe mzigo usio wake. Waisraeli hawakuambiwa kuyaabudu mawe ya Yordani, wala kuyaomba mvua. Waliambiwa kuyaonyesha kwa kidole na kulitaja tendo la Mungu. Atupaye mvua ni yeye aliye hai.

Kosa la pili ni kulidharau jiwe. Hili ni kosa la sisi tuliosoma. Kijana akitoka shuleni huambiwa habari za mkufu wa wazee wake, naye hucheka na kusema, "Hayo ni mambo ya giza." Lakini Mtume Paulo aliwaambia watu wa Listra kwamba hata zamani, mataifa walipokwenda njia zao wenyewe, Mungu hakukosa shahidi kati yao, kwa kuwa aliwapa mvua na mavuno (Matendo 14). Watu wa Engaruka walioongoza vijito vile, ni nani aliyewapa maji? Mungu hakuanza kuijua Afrika siku ile meli ya wamisionari ilipotia nanga. Mtu asafiriye kutoka Songea kwenda Iringa hukaribia Isimila, kando ya barabara, kabla ya kuingia mjini. Huko katika korongo yameokotwa mawe yaliyochongwa pande zote mbili kwa ustadi, ya kukatia na kuchunia, nayo wataalamu huyahesabia miaka zaidi ya 200,000. Ukilishika mkononi utaona limekaa vema katika kiganja. Mkono uliolichonga uliumbwa na Yeye yule aliyeuumba wako. Mimi sina ruhusa ya kumcheka.

Kosa la tatu ni kulichimba jiwe kwa tamaa. Neno hili linaniumiza zaidi, maana linaongezeka. Wako watu waendao usiku na sururu penye makaburi na boma za kale, wakisema Wajerumani walificha mali huko. Huvunja, hutupa, huacha shimo, nao hurudi mikono mitupu. Wengine hubeba mawe ya wazee kwenda kuweka msingi wa nyumba. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuharibu mahali pa namna hiyo, lakini Mkristo asingoje askari. Torati ilimlaani mtu aondoaye mpaka wa jirani yake. Jirani aliyekufa hawezi kupiga kelele, na kwa hiyo kumwibia ni aibu kubwa zaidi. Mali yenyewe iliyokuwa pale ilikuwa habari. Na sururu ndiyo iliyoiua.

Kazi iliyo mbele yetu

Basi tufanye nini? Walimu wapenzi, nawaomba mambo matatu, nayo hayahitaji fedha.

Kwanza, wachukueni watoto wa kipaimara mkawaonyeshe mawe ya kwenu. Hakuna mtaa usio nayo. Ukilima shamba jipya unaokota vigae vya vyungu, jiwe la kusagia lililotoboka kwa kazi, au mavi ya chuma mahali wahunzi walipoyeyusha mawe yenye chuma. Waonyesheni pia msingi wa kanisa la kwanza la matope na kaburi la mwalimu wa kwanza. Msichukue kitu, onyesheni tu.

Pili, mkaribisheni mzee mmoja, mwanamume au mwanamke, aende pamoja nanyi, hata kama hajabatizwa. Watoto wamwulize: Ni nani waliokaa hapa? Walikula nini? Kwa nini waliondoka? Akisema nusu ya neno, ipokeeni nusu hiyo kwa heshima. Msimkatize kwa mahubiri. Siku ya mahubiri itakuja.

Tatu, yaandikeni aliyoyasema katika daftari la mtaa, pamoja na jina lake na tarehe. Katika kila usharika tunaandika ubatizo, ndoa na maziko. Kwa nini tusiandike pia kumbukumbu? Mzee akifa mwezi ujao, daftari litamjibu mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Mtu ataniuliza: Mchungaji, mambo haya yanahusu nini wokovu? Namjibu hivi. Imani yetu yenyewe imetufikia kwa njia hiyohiyo. Usiku wa Pasaka mtoto wa Kiisraeli aliuliza, na baba akasimulia. Bwana wetu, usiku ule aliotolewa, aliwaachia wanafunzi mkate na kikombe, akawaagiza kumkumbuka. Kanisa lisilozoea kusimulia halitaisimulia Injili kwa muda mrefu. Nyumba ambayo baba hajui kumwambia mwanawe alikotoka babu yake, ndiyo nyumba ambayo baba hajui pia kumwambia kwa nini alibatizwa. Nimeziona nyumba za namna hiyo, hata katika mtaa wangu: Biblia iko juu ya kabati, picha ya Bwana iko ukutani, lakini mtoto akiuliza hupewa ukimya. Jiwe lipo na jibu halipo. Hiyo ndiyo Engaruka ndani ya nyumba ya Mkristo.

Mtume Petro anatuita sisi wenyewe mawe, tena mawe yenye uhai, tunaojengwa juu ya Kristo. Jiwe lenye uhai halingoji mgeni mwenye kamba aje kulipima. Linasema lenyewe. Na wale waliokufa bila jina kubaki duniani, kama wenyeji wa vijiji vile saba, tusidhani kwamba wamepotea machoni pa Mungu. Yeye aliyehesabu nywele za vichwa vyetu anaujua kila mkono uliopanga kila jiwe. Lakini sisi hatukupewa kumbukumbu ya namna ya Mungu. Tumepewa vinywa, watoto, na jioni chache za kukaa nao.

Basi wazazi, mwezi huu mtoto akiuliza, msimwambie, "Nenda ukacheze." Kaeni naye.

Ee Mungu wa baba zetu, uliyewaongoza kwa njia tusizozijua, tufungue vinywa tuyasimulie matendo yako kwa watoto wetu, hata siku ile utakapotukusanya sote, wenye majina na wasio na majina, katika nyumba yako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.