Moshi Ukishalipiwa

Tuseme kesho asubuhi Jiji linafunga kamera pale Fire, nyingine Mnazi Mmoja, nyingine Gerezani, halafu tangazo linatoka: gari lolote lenye moshi mchafu likitaka kuingia Kariakoo au Posta, lilipe elfu tano kwa siku. Kama foleni itapungua au la, hilo wataalamu watatuambia. Nadhani itapungua kidogo. Mimi kinachonisumbua ni kingine. Nikishalipa hiyo elfu tano, nikakata Mtaa wa Msimbazi huku ekzosi inafuka, nimeadhibiwa kwa kosa, au nimenunua haki ya kufuka?

Msidhani nacheza na maneno. Kiswahili kimeshatutenganishia mambo haya vizuri kabisa. Faini inakwambia usirudie. Ada inakwambia karibu tena. Fidia haikutazami wewe kabisa, inamtazama uliyemuumiza. Sasa hii "tozo" tuiweke kapu gani? Neno lenyewe, tangu ile ya miamala ya simu ya Julai 2021, ambayo kelele za watu zililazimisha ipunguzwe, masikioni mwetu lina maana moja tu: serikali inataka hela.

Mwaka 2000 wanauchumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, waliandika kuhusu vituo vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli. Wazazi walikuwa wanachelewa kuwachukua watoto wao, baadhi ya vituo vikaweka faini ndogo. Waliochelewa wakaongezeka! Na faini ilipofutwa, adabu ya zamani haikurudi. Kabla ya hapo mzazi aliona aibu kumweka mwalimu akimsubiri. Baada ya hapo aliona amelipia muda wa ziada, yameisha.

Hata hapa kwetu tumeyaona. Desemba 2018 Rais Magufuli alianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000 kimoja. Ukiwa machinga, ukitoa elfu ishirini yako, unakitundika shingoni na unajua umetulia. Oktoba 2021 ikaja amri ya kuwapanga upya, meza zikaondoka barabarani. Serikali inaweza kusema ile ilikuwa ada ya kutambuliwa tu, haikuwa kodi ya kipande cha lami. Sawa. Lakini ningekuwa mimi ndiye nimelipa, ningeuliza: sasa nililipia nini? Mtu akitoa pesa anaondoka na hisia ya haki, uiandike kwenye risiti usiiandike.

Wenzetu walianza zamani. Singapore ilianza kutoza magari yanayoingia katikati ya mji mwaka 1975, mwaka uleule ambao jengo la Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli, lilikamilika. London ilianza Februari 2003 kwa pauni 5 za msongamano, kisha Aprili 2019 ikaweka ya moshi, pauni 12.50 kwa siku kwa gari lisilofikia kiwango, na Agosti 2023 ikaipeleka hadi vitongoji vyote vya jiji. Sisi tuna ushuru wa maegesho, na kule Kigamboni kuanzia 2016 watu wamezoea kulipa kuvuka Daraja la Nyerere. Lakini darajani unalipia zege. Aliyelijenga anajulikana, anadai chake.

Moshi unamdai nani?

Hapo ndipo ninapokwama. Nikikukanyaga mguu, halafu badala ya kukuomba radhi nikaenda kumlipa diwani wako, deni langu kwako limekwisha? Jina la Kariakoo lenyewe lilitoka kwenye Carrier Corps, kikosi cha Waingereza cha Vita Kuu ya Kwanza. Eneo la watu waliobebeshwa mizigo ya vita isiyowahusu. Leo anayemeza moshi pale ni msukuma mkokoteni, kichwa chake kikiwa usawa wa ekzosi ya Fuso iliyokwama mbele yake. Ni mama lishe wa Mtaa wa Sikukuu, ni kijana anayepanga viatu Mtaa wa Kongo kutoka asubuhi mpaka giza. Hawa hawana gari. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na kwa moshi wa Kariakoo hata hiyo haki ndogo haipo, maana mchuma janga anafunga kioo, anawasha AC, anaondoka. Wanaobaki kulila si wa kwake.

Kwa hiyo, alipe! Mimi mwenyewe naendesha IST ya 2003 na bado nasema alipe. Ila niliwahi kumpelekea hoja hii jamaa mmoja wa kirikuu anayenibebea vitu mara mojamoja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kaka, hiyo elfu tano ndiyo faida yangu ya trip ya kwanza. Mwenye V8 kwake ni soda na baga." Nikamwambia moshi wa gari lake unamuumiza msukuma mkokoteni vilevile. Akajibu, "Najua. Nilikuwa namsukuma mimi huo."

Sikuwa na la kumjibu, na bado sina lote. Umaskini wa mwenye gari bovu ni wa kweli, lakini mapafu ya mwenzake hayaulizi moshi umetoka kwa tajiri au kwa maskini. Nikimsamehe wa kirikuu kwa huruma, huruma hiyo nimeitoa kwenye kifua cha mtu mwingine.

Na hayo magari yalifikaje hapa? Kwa hesabu za shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, kati ya 2015 na 2018 Ulaya, Japani na Marekani ziliuza nje magari madogo yaliyotumika milioni 14, na sehemu kubwa ikaletwa Afrika. Wao wanasafisha mji wao, uchafu unapanda meli. Likifika, TRA wanalitoza ushuru wa uchakavu, yaani tayari tumelipia uzee wake pale bandarini, kisha likaingia mjini na baraka zote. Halafu kuna fundi anayeng'oa masega, kile kichujio cha kwenye ekzosi, akayauza kwa madini yaliyomo. Mtu wa namna hiyo mimi simwonei huruma hata kidogo. Huyo ni wa faini, tena nzito.

Baada ya kuzunguka kote huko, naona heri marufuku kuliko bei. Funga Mtaa wa Kongo na mitaa ya jirani mchana kutwa, mizigo ya Fuso ishushwe usiku, kirikuu zipewe saa zake. Marufuku haiangalii pochi. V8 itasimama Lumumba kama kirikuu, mwenyewe atembee. Najua nitajibiwa kwamba marufuku nazo tunazo. Ni kweli, na tazama zimewaangukia nani. Mwendokasi ilipoanza Mei 2016, daladala ndizo zilizoondolewa Barabara ya Morogoro. Bajaji na bodaboda zimeambiwa zaidi ya mara moja zisiingie katikati ya jiji. Bajaji yenye abiria watatu inarudishwa, gari la mtu mmoja linapita. Na abiria wa iliyorudishwa anakwenda kubanwa kwenye basi la mwendokasi ambalo mlango haufungi kwa watu.

Ndiyo maana, siku rasimu ya tozo hii ikija mezani, mimi sitaanza kusoma kiwango. Nitafungua moja kwa moja ule ukurasa wa misamaha, nione magari ya nani yameandikwa pale. Kisha nitatafuta kama msukuma mkokoteni ametajwa popote, na kama ametajwa, ni kama mtu anayedai au kama kizuizi cha barabarani.